Jina Ndani ya Wimbo

Likizo iliyopita wajukuu wangu walikuja Mwamapalala kutoka Mwanza, na mmoja wao alikuwa na ile filamu ya katuni ya simba iliyotengenezwa Marekani mwaka 1994. Jioni, ng'ombe walipokwisha kuingia zizini, waliifungua kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya kiti, nasi wazee tukakaa nyuma yao. Walifurahi sana kusikia Wamarekani wakiwaita wanyama wao Simba na Rafiki. Kisha ukaja wimbo mfupi wa simba aliyelala. Wote wakauimba kwa pamoja, kwa maana walikwisha kuujua, na yule mdogo kabisa akashika sauti ya juu.

"Babu," akaniuliza, "huu wimbo ni wa nani?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake nilikuwa nalo kwa kuwa nilikwisha kulisoma. Lakini sikujibu upesi. Nilikumbuka wimbo mwingine ambao zamani niliulizwa ni wa nani, nikajibu uongo. Nitaanza na wimbo wa mtoto, kisha nitafika kwenye wangu.

Mwenye wimbo ule wa simba alikuwa Mzulu aliyeitwa Solomon Linda. Alizaliwa mwaka 1909 katika wilaya ya Msinga, jimbo la Natal, Afrika Kusini, akasoma kidogo katika shule ya misheni, na kama watoto wote wa kwao alichunga ng'ombe. Mtoto wa Kisukuma hahitaji kuelezwa maisha hayo. Mwaka 1931 alikwenda Johannesburg kutafuta kazi, kama vijana wengi wa wakati ule, na huko yeye na wenzake kutoka nyumbani wakaunda kikundi cha kuimba walichokiita Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni. Hawakuwa na ngoma wala gitaa. Walikuwa na sauti zao tu.

Mpango wao ulikuwa huu. Linda mwenyewe aliimba juu kabisa, sauti nyembamba kama ya mwanamke, na wengine wakamjazia katikati. Chini waliwekwa waimbaji kadhaa wa besi walioimba kwa pamoja, na hapo ndipo Linda aliposifiwa kuwa ameleta jambo jipya, kwa sababu kabla yake besi aghalabu ilikuwa ya mtu mmoja. Walivaa suti za mistari zilizofanana, viatu vinavyong'aa na kofia, ingawa mchana walikuwa wafanyakazi wa vijungu-jiko kama wenzao. Jumamosi usiku vikundi kama chao vilishindana katika kumbi za mabweni ya wafanyakazi mpaka alfajiri. Jaji aghalabu alikuwa Mzungu aliyeokotwa mtaani, asiyejua Kizulu na asiyemjua mtu yeyote pale, ili pasiwe na upendeleo.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Usukumani sisi tuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na ushindani wao ni mkali kuliko wa mpira. Msimu wake ni baada ya mavuno, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na watu wana nafasi na fedha kidogo. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi huamuliwa na miguu ya watazamaji: upande unaokimbiwa na watu umeshindwa, hata kama ungecheza mpaka jua lizame. Hatukuhitaji kumwokota jaji mtaani. Lakini roho ya jambo ni moja. Kijana aliyeko mbali na kwao, au aliyelima mwaka mzima bila kutazamwa na mtu, hupata siku moja ya kusimama mbele ya watu na kusema: mimi ni fulani.

Mwaka 1939 Ndege wa Jioni waliingia katika studio ya kampuni ya Gallo, Johannesburg. Mmoja wa nyimbo walizorekodi uliitwa "Mbube", maana yake simba. Waliurudia mara kadhaa, na katika mara ya tatu Linda aliibuka juu ya sauti za wenzake na muziki uliomjia papo hapo. Sehemu hiyo ndiyo ambayo dunia nzima inaijua leo. Santuri iliandikwa jina lake, na katika miaka 10 hivi iliuzwa nakala zinazokadiriwa kuwa 100,000 kusini mwa Afrika. Kwa haki za wimbo huo Linda alipewa shilingi 10, yaani nusu paundi ya wakati ule, na akapewa kazi katika kiwanda cha Gallo ya kufungasha santuri. Yawezekana kabisa kwamba aliufungasha wimbo wake mwenyewe, akaupanga ndani ya maboksi na kuutazama ukipakiwa kwenda zake.

Kikundi hakikudumu. Mwaka 1948 Ndege wa Jioni walitawanyika, kila mtu akaendelea na maisha yake. Lakini uimbaji wao uliota mizizi hata aina nzima ya nyimbo hizo ikaitwa mbube. Baadaye waimbaji walilainisha sauti na kuanza kucheza kwa kunyata, na jina likawa isicathamiya. Kutoka mzizi huo walitokea Ladysmith Black Mambazo wa Joseph Shabalala, ambao wasomaji wengi wamewasikia.

Santuri moja ya "Mbube" ilivuka bahari ikafika Marekani, ikamfikia mwimbaji Pete Seeger. Yeye hakujua Kizulu. Aliandika alichosikia, na kiitikio akakisikia vibaya, hivyo kikundi chake, The Weavers, kikautoa wimbo huo kwa jina la "Wimoweh", neno lisilo la lugha yoyote. Ulivuma mwaka 1952. Mahali pa kuandika jina la mtunzi paliandikwa Paul Campbell. Msomaji, huyo Paul Campbell hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la kubuni ambalo wanakikundi walilitumia kwa nyimbo walizodhani hazina mwenyewe. Mtu aliyekuwa hai, aliyekuwa akifungasha santuri Johannesburg, aliondolewa, na nafasi yake akapewa mtu asiyekuwapo. Ni haki kusema pia kwamba Seeger alipopata kujua habari za Linda alimpelekea hundi ya dola 1,000, na akaeleza kuwa alitaka malipo yaende kwake. Lakini njia ya fedha ilikuwa imekwisha kuchimbwa kuelekea kwingine.

Sasa tufike kwa Watokens. Wakati huo miji ya Marekani ilikuwa na mtindo wa kuimba ulioitwa duwopu. Jina hilo linatokana na silabi zisizo na maana ambazo waitikiaji waliimba nyuma ya kiongozi, badala ya vyombo. Waanzilishi wake walikuwa hasa vijana weusi, ambao wengi hawakuwa na fedha za kununua vyombo. Vijana wanne au watano walisimama pembeni mwa barabara au kwenye ngazi za nyumba, mmoja akashika besi, mmoja sauti ya juu, wengine wakajaza katikati. Ukiutazama, ni mpango ule ule wa Ndege wa Jioni, uliozuka mahali pengine kwa sababu ile ile ya kukosa.

The Tokens walikuwa vijana wa Kizungu wa Brooklyn, New York. Mwaka 1961 mtunzi George Weiss alitengeneza maneno ya Kiingereza kuhusu simba aliyelala, akayaweka juu ya ile sauti iliyomjia Linda mwaka 1939, nao wakaurekodi. Desemba 1961 wimbo wao ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Mwezi huo huo, tarehe 9, bendera ya Tanganyika ilipandishwa. Sisi tulikuwa tunashangilia kupata jina letu katika orodha ya mataifa, na Mwafrika mwenzetu alikuwa anapoteza lake katika wimbo uliosikika kuliko zote. Linda alifariki mwaka uliofuata, 1962, kwa ugonjwa wa figo, akiwa maskini. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe.

Nisije nikamfanya msomaji adhani kuwa mambo hayo yaliwapata Waafrika wa huku tu. Mwaka 1956 wavulana watano wa Harlem, New York, wanafunzi wa shule, walitoa wimbo wa duwopu uliovuma Marekani na ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Kikundi kiliitwa The Teenagers na kiongozi wao, Frankie Lymon, alikuwa na miaka 13. Katika mwaka uliofuata Lymon alitengwa na wenzake ili aimbe peke yake. Lymon alifariki mwaka 1968 kwa dawa za kulevya, akiwa na miaka 25. Jina la mtunzi wa wimbo lilibadilishwa mara kadhaa, na baadaye likaandikwa la mwenye kampuni pamoja na la mtoto. Wenzake wawili walikwenda mahakamani, na mwaka 1992 wakatambuliwa kuwa watunzi. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikaibatilisha hukumu hiyo kwa sababu walikuwa wamechelewa kudai. Kama mwalimu, jambo hili limenishika kooni. Ni mtoto gani wa miaka 13 anayejua kwamba jina lina muda wa kudaiwa?

Binti zake Linda walipata bahati kuliko hao. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, alichapisha habari yote, na wanasheria wakafukua sheria ya hakimiliki ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yao. Kulikuwa na kifungu kilichosema kuwa miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki alizoziuza zirudi kwa warithi wake. Kwa Linda, miaka hiyo ilitimia mwaka 1987. Kesi dhidi ya kampuni ya Disney ilifunguliwa mwaka 2004, na Februari 2006 pande zote zilipatana: familia ilipwe, na jina la Solomon Linda litajwe kuwa mmoja wa watunzi. Hapa kwetu tulitunga sheria yetu ya hakimiliki mwaka 1966, kisha nyingine mwaka 1999. Sheria tunazo. Nilikuwa mwalimu mkuu wakati ile ya kwanza ikitumika, na haikunizuia kufanya nililolifanya.

Katika miaka ya 1980 niliongoza shule moja ya msingi katika Wilaya ya Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Shule sitaitaja, kwani kosa halikuwa lake. Tulikuwa na shamba la pamba la shule kwa ajili ya elimu ya kujitegemea, na wavulana watano wa darasa la sita walikuwa na desturi ya kuimba wakirudi shambani na majembe begani. Hawakuwa na ngoma. Mmoja aliongoza juu, wawili walikoroma chini, wawili wakajibu. Kiongozi wao alikuwa mtoto wa manju wa Bagalu, na alikuwa ametunga wimbo kuhusu mtoto wa mchungaji anayemwambia fisi asubiri mpaka yeye amalize kusoma. Ulikuwa wimbo wa kuchekesha na wa kusikitisha kwa pamoja. Walimu waliacha kusahihisha madaftari ili wausikilize.

Msomaji asiye Msukuma ajue jambo moja. Manju wetu hujitaja ndani ya wimbo wake. Hutaja jina lake na la baba yake, mara nyingine na kijiji chake, katikati ya maneno, mahali ambapo ukiling'oa jina wimbo unachechemea. Si majivuno. Ndiyo hatimiliki yetu, na ni ya zamani kuliko karatasi. Jina la Linda lilikuwa limebandikwa kwenye santuri, na lebo ya karatasi haivuki bahari pamoja na sauti. Yule mtoto alikuwa amefanya kama baba yake: katika ubeti wa mwisho, alijitaja.

Mwaka uliofuata, wakiwa darasa la saba, niliwaingiza katika mashindano ya kwaya na ngoma za shule. Nilipousikiliza wimbo kwa masikio ya mwalimu mkuu, nikaona jina lile halifai. Nikamwita mtoto ofisini, nikamwambia kuwa shule si mtu mmoja na kwamba kujitaja ni majivuno. Nikaliondoa jina lake na la baba yake, nikaweka la shule. Aliinama akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Angeweza kusema nini kingine? Kisha nikaletewa fomu. Ilikuwa na mstari wa kujaza: mtunzi. Niliushikilia kalamu kwa muda, nakumbuka vizuri, kisha nikaandika jina langu. Nilijiambia kuwa fomu inataka mtu mzima.

Walishinda wilayani. Afisa mmoja alinipa mkono akaniuliza, "Mwalimu Mkuu, huu wimbo ni wako kweli?" Nikasema ndiyo. Watoto wale watano walikuwa wamesimama hatua chache nyuma yangu.

Mkoani hatukufika mbali, na miezi michache baadaye mtihani wa darasa la saba ukawatawanya. Kikundi kile kilidumu kama miaka miwili tu. Mmoja alichaguliwa kwenda sekondari. Mmoja alihama na mifugo ya baba yake kuelekea Rukwa, mmoja alikwenda machimboni, mmoja alifariki akiwa kijana. Yule kiongozi hakuchaguliwa. Alibaki akilima pamba. Wimbo wenyewe ulibaki shuleni, ukarithishwa kutoka darasa hadi darasa, na waliniimbia siku ya kuniaga nilipostaafu. Mgeni rasmi alinipongeza kwa utunzi. Nilishukuru nikaketi.

Swali la mjukuu wangu lilipokwisha kuninyima usingizi siku mbili, nilimtafuta yule mtoto. Sasa ana mvi. Nilimkuta mnadani hapa Mwamapalala, amefunga mbuzi wawili anasubiri mnunuzi.

"Mwadila, Mwalimu," akanisalimu, akanipisha kivulini.

Nilimweleza yote, pamoja na fomu, ambayo hakuwahi kuiona. Nilimwomba msamaha. Kisha nikamwambia kuwa ninaandika kitabu, na kwamba ningependa kuandika jina lake ili watu wajue. Alifikiri kwa muda, akinitazama kwa heshima ile ile ya zamani, ambayo siku hiyo ilinichoma.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Kwenye kitabu mimi sikuliweka. Wewe lirudishe pale ulipolitoa."

Ndiyo sababu msomaji halioni jina lake hapa. Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni, nikamweleza mwalimu mkuu wa sasa, ambaye kwa umri ni mwanangu. Hakunicheka. Aliwaita watoto wa darasa la sita chini ya mti, akaniachia. Niliwaambia kuwa wimbo huu si wangu na haukuwahi kuwa wangu, nikawafundisha ubeti wa mwisho kama ulivyokuwa.

Kwa miaka yote ile watoto walikuwa wakikwama katika ubeti huo. Jina la shule lina silabi moja zaidi, nao walilazimika kulikimbiza ili wawahi kiitikio. Nilidhani ni uzembe, na kuna waliochapwa kwa ajili hiyo. Siku ile walitamka jina la mtu na la baba yake, na wakafika kwenye kiitikio kwa wakati, bila kukimbia. Msichana mmoja aliuliza huyo ni nani. Nikamwambia anakaa ng'ambo ya mto, analima pamba, na Jumamosi huwa mnadani, akamsalimie.

Mjukuu wangu naye nimemwandikia barua. Nimempa jina la Solomon Linda kwa herufi kubwa, na chini yake nimempa jina la pili.